Mgonjwa Mwenye Ndugu

Tarehe 9 Februari

KARATASI YA MAMA

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umeshiba, umegeuzwa upande wa dirishani, na umeshamfinya Dada angalau mara moja ili asisahau nani mwenye nyumba. Mimi mwanao ni mzima. Nimenenepa kidogo shingoni. Wabaya wangu wanasema ni kitambi kilichopotea njia. Mimi nasema ni shingo ya uongozi.

Mama, mwanao sasa yumo kwenye kamati ya Bunge ya afya na ustawi wa jamii. Humo kuna daktari wa meno, kuna mwalimu mkuu mstaafu, kuna mwanasheria mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutishia watu, halafu kuna mimi, dereva wa malori niliyeishia darasa la saba. Nani anasikilizwa zaidi? Usiulize. Nikifungua mdomo hata mhudumu wa chai anasimama na birika mkononi.

Chumba walichonipa hotelini kina jokofu dogo kama sanduku la kura. Nikilifungua, taa inawaka. Nikilifunga, sijui kama imezimika au inaniibia umeme wa serikali. Nimehangaika nalo jioni nzima, nikalifungua ghafla mara kadhaa nilikamate. Bado halijakamatika.

Naubusu ule mkono wako unaofinya.

KARATASI YA DADA (hii usimsomee)

Dada yangu, shikamoo na wewe, usije ukasema nimekupita.

Utaratibu wetu ni ule ule. Ya kwanza msomee, umrudie hata mara kumi, maana ndiyo sababu hatutumii simu. Simu inampita sikioni kabla hajaishika, lakini barua ataisikia mpaka ajue atacheka wapi. Ya pili ni yetu wawili. Isome ukiwa jikoni, ikiisha iwashie moto.

Sasa jambo lenyewe. Tuna muswada mezani. Ibara ya kumi na moja inasema serikali itaajiri wahudumu wa kuwatembelea wagonjwa majumbani. Mtu aliyelala kitandani kwa kiharusi kama Mama ataletewa mtu aliyefundishwa, mwenye glavu zake na sabuni yake, mara tatu kwa wiki, amwogeshe, amgeuze, amkague mgongo. Wewe saa hizo umelala fofofo. Unajua nani anaisukuma hiyo ibara? Ni huyu huyu mdogo wako. Naisukuma kama lori lililozima mlimani, na wenzangu wote wamekaa ndani wanaangalia mandhari.

Nimechoka, Dada. Makaratasi wanatuletea kwa toroli. Wenzangu wanayapitisha macho tu, mimi bado nasoma kwa kidole. Usiwaambie wapiga kura.

Barua nimempa dereva mwenzangu wa zamani anayepita huko. Akichelewa, ujue kapata mzigo wa njia nyingine.

Ndugu yako.


Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na doa la grisi na harufu ya vitunguu, kwa hiyo huo mzigo wa njia nyingine naujua.

Mama anakusalimu. Nilipofika pale kwenye jokofu alitoa sauti ambayo sijaisikia tangu augue. Jirani yetu muuza mkaa alikuja mbio akidhani kaanguka. Kumbe anacheka. Nimemsomea kila siku, na kila siku anacheka pale pale, hata kabla sijafika.

Huku tupo. Binti yangu ameandika kutoka kule anakofundisha, mimba ya pili inamsumbua miguu. Cherehani nimeifunika kwa muda. Kidonda cha Mama cha mgongoni kimekauka. Siri ni kumgeuza kila saa mbili tu, mchana na usiku. Ukiruka zamu moja, kesho yake ngozi inakujibu.

Nataka kukuuliza. Huyo mhudumu wako ataanza lini? Siulizi kwa kukuharakisha. Kuna mahali nataka kwenda kuangaliwa, jambo dogo, lakini ni pa kuwahi alfajiri na kukaa foleni hadi jioni. Muuza mkaa hunisaidia kumnyanyua. Kumwogesha hawezi, na Mama mwenyewe hatakubali mwanamume wa mtaani amwone. Nimewadokezea wenzangu wawili hapa mtaani wenye wagonjwa ndani. Mmoja, mfua nguo wa nyumba ya kona anayemlea mumewe, ameshatenga taulo jipya la huyo mhudumu kunawia mikono.

Basi kula vizuri. Hiyo shingo ikikuzidi, huku kuna wenye upungufu.

Dada yako.


Tarehe 28 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Ya Mama nimeiambatanisha, ina habari za mwanasheria aliyekalia miwani yake ya kutishia watu. Akikusikiliza macho yamefumbwa, msomee polepole pale miwani inapolia. Mpe pole binti, mwambie mjomba wake anasema miguu aiweke juu ya mto na kazi aiweke chini ya kitanda.

Wiki hii kamati ilizungushwa mahospitalini. Dada, mimi nimelala ndani ya malori katika nchi saba. Nimekula kwenye bandari ambazo hata samaki wanazipita mbali. Sikujua kwamba korido ya wodi ya wazee inaweza kunitoa pumzi.

Walikuwa wameipaka rangi kwa ajili yetu, lakini rangi iliishia usawa wa macho ya mgeni. Juu yake ukuta ni wa zamani. Na ilikuwa mbichi, koti langu la Bunge sasa lina mkono wa kijani. Nikasimama kwenye kitanda kimoja, nikaweka ile sauti yangu ya mikutano, nikaanza, "Wananchi wanastahili..." Muuguzi akanigusa kiwiko. Akasema, "Mheshimiwa, samahani, umekanyaga mpira wa hewa wa huyu mzee." Nikauachia. Mzee akavuta hewa, akanitazama bila chuki kabisa. Nadhani alishakanyagiwa na wakubwa kuliko mimi.

Kitanda cha jirani yake alilala mzee mwingine, karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani imelazwa kifuani kama bahasha. Nikamuuliza muuguzi, "Huyu amepona?"

"Ameruhusiwa tangu mwezi uliopita."

"Hana watu?"

"Ana mtoto. Anakuja kila jioni akitoka kazini, anamlisha, anaondoka. Akimchukua, nani atabaki naye mchana?"

Nikainyoosha tu ile karatasi kifuani pa mzee, mimi unayenijua nina jibu la kila kitu na chenji juu.

Ibara ya kumi na moja itajadiliwa tarehe 12 Aprili, na redio itatangaza kikao moja kwa moja. Mweke Mama karibu na redio. Mwambie mwenye sauti nzito ni mimi, mwenye sauti ya pua ni daktari wa meno. Yeye ndiye mwenye hesabu za ibara hiyo mkononi, anasema pesa hazitoshi wagonjwa wote. Nitamng'oa bila ganzi.

Hilo jambo lako la kuangaliwa ni nini? Hukusema.

Ndugu yako.


Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Tunaendelea. Mama anakula.

Tulikusikia. Muuza mkaa alileta betri zake, akina mfua nguo wakaja, tukajaa chumbani. Ulipoongea Mama aliinua mkono wake mzima kutoka kwenye shuka. Uliposema dada yako ni chuma na hajawahi kulalamika hata siku moja, alinigeukia akanitazama muda mrefu. Watu wakapiga makofi. Sasa muuza mkaa ananiita Chuma, hata akiwa na wateja.

Baada ya hapo betri zikaisha, mwisho hatukuusikia. Mfua nguo anauliza imekuwaje. Nimemwambia kama ingekuwa vibaya ungeshaandika.

Samahani kwa mwandiko.

Dada yako.


Tarehe 11 Mei

KARATASI YA MAMA

Mama mzazi, shikamoo.

Mwanao anaendelea kutingisha mji. Jana mlinzi wa mlangoni alinipigia saluti hadi kofia ikamdondoka, tukainama wote wawili kuiokota, tukagongana vichwa. Amepata nundu, nimepata nundu. Kwenye kamati nikasema yangu niliipata katika kutetea wananchi.

Lile jokofu nimeshalipatia. Nimelichomoa ukutani.

KARATASI YA DADA

Dada, shikamoo. Nisamehe kuchelewa, hapa mambo yamefungana kama kamba ya turubai.

Huo mwandiko wako umekuwaje? Kuku akitumbukia kwenye wino na kukatiza karatasini, ataandika vizuri zaidi. Nilikaa na ile barua kama fundi aliyeletewa injini ya nchi nyingine. Wewe uliyekuwa unaandikia mtaa mzima barua za mapenzi. Au usingizi?

Binti vipi? Mwambie akijifungua salama nitamnunulia mtoto lori la mbao lenye magurudumu yanayozunguka kweli.

Muswada unaendelea vizuri. Ibara imerekebishwa kidogo lugha, ndivyo wanavyofanya wanasheria, hawawezi kuona sentensi imekaa kwa amani. Nitakueleza tukionana. Kwa sasa mwambie mfua nguo awe na subira.

Nimenunua godoro zuri la hewa la Mama, lile lisiloumiza mgongo. Litakuja na lori la kwanza. Nimelijaribu mwenyewe hapa hotelini, nimelala kama mfalme aliyestaafu.

Ndugu yako.


Tarehe 4 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Binti amejifungua salama, mtoto wa kike, wote wazima. Godoro limefika, Mama amelipenda, asante.

Mfua nguo alikwenda kwenye ofisi ya ustawi kuuliza kuhusu mhudumu. Alitoka hapa amevaa vizuri. Karani akamsomea ibara yako yenyewe kwenye nakala ya muswada, akasema ikipita itakuwa hivi: huduma itatolewa kwa mgonjwa asiye na ndugu. Akamuuliza, "Mama, wewe ni nani kwa mgonjwa?" Akajibu, "Mke wake." Karani akafunga jalada.

Alirudi akanieleza akiwa amesimama, hata hakukaa. Kisha akaniuliza, "Huyo ndugu yako, si alisema anaisukuma?" Nikamwambia sijui. Taulo lake sasa anafutia vyombo.

Hiyo ndiyo lugha iliyorekebishwa kidogo.

Umeuliza habari za mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto. Mwishoni mwa mwezi wa pili Mama aliteleza ukingoni mwa kitanda alfajiri, muuza mkaa alikuwa ameshaondoka, nikamdaka peke yangu. Hakuanguka. Bega langu la kulia ndilo lililoanguka. Nilikaa nalo hivyo hivyo nikisubiri huyo mtu wako aje ili niende nikaangaliwe. Mwezi uliopita nilishindwa kuinua kijiko, mfua nguo akamwacha mumewe kwa muuza mkaa, akaja kukaa na Mama siku nzima, nikaenda. Kano imechanika. Ni kupasua, kisha mkono ufungwe wiki sita. Wamenipa tarehe 8 Julai, katika hospitali iliyo karibu na binti yangu. Nikiiruka, wanasema mkono utabaki hivi.

Ni kweli sijawahi kulalamika. Ningemlalamikia nani? Mama?

Sasa sikiliza. Ibara yako inasema mgonjwa mwenye ndugu atunzwe na ndugu. Mama ana ndugu wawili wa kumtunza. Mmoja anaingia hospitalini.

Usiniletee mtu wa kulipwa. Niliwahi kumleta, Mama alifunga mdomo na meno, hakula mpaka yule msichana akaondoka.

Dada yako.


Tarehe 15 Juni

Dada,

Hongera ya mjukuu. Sina utani wa kumtumia leo, nitamlipa nikipata nafuu.

Barua yako niliisomea chooni, ndiko kunakofungika mlango. Nilitoka macho mekundu, mhudumu wa chai akanipa maji bila kuniuliza kitu.

Nikueleze ilivyokuwa, kisha unitukane utakavyo. Siku ile mwenyekiti aliniuliza swali jepesi. "Mheshimiwa, wewe una mgonjwa nyumbani. Mnamudu vipi?" Jibu lilikuwa moja tu, hatumudu. Lakini maikrofoni ilikuwa imewaka taa nyekundu, na nilijua Mama anasikiliza, na mtaa mzima, na jimbo lote. Nikatanua kifua. Nikasema kwetu mzee hatupwi. Nikasema dada yangu ni chuma, anambeba Mama kama mtoto mchanga. Wakagonga meza mpaka glasi zikacheza. Dada, nilijisikia mrefu.

Daktari wa meno akasubiri makelele yaishe. Akasema taratibu na ile sauti yake ya pua, "Namshukuru sana Mheshimiwa. Ametusaidia. Kama familia zinamudu vizuri hivi, hizi pesa chache tuwape wasio na mtu kabisa." Hakuwa na ubaya. Alinigeukia hata akatabasamu, akidhani tuko pamoja. Mwanasheria akavaa miwani ya kusomea, akachomeka yale maneno yake, asiye na ndugu, na mimi ninayeitwa mdomo wa kamati nikakaa pale kama gunia. Ningepinga vipi? Ningesema nilidanganya?

Hayo ndiyo ambayo sikuyaandika mwezi wa tano.

Nimepeleka hoja ya marekebisho yale maneno yafutwe. Sasa hayako tena kwenye kamati, itakuwa mbele ya Bunge zima, tarehe 19 Julai, na mtoa hoja lazima asimame mwenyewe aitoe. Asipokuwepo inaondoka. Nitakuja tarehe 6 nikae na Mama. Tarehe 19 nitamwachia mtu kwa siku moja, nipande lori usiku, niseme, nirudi. Nimeshampata muuguzi mstaafu wa huko kwenu, yule aliyezalisha nusu ya mtaa. Mama anamjua, hatafunga meno.

Mimi nimebeba tani thelathini nikavuka majangwa. Mama ana kilo ngapi? Usiwe na wasiwasi.

Ndugu yako.


Nyumbani, tarehe 22 Julai

Dada yangu, shikamoo.

Pole na kisu. Binti amenipigia, anasema mkono umefungwa kifuani kama mtoto wa bandia na unawaagiza wauguzi namna ya kutandika kitanda. Mama mzima. Mgongo wake ni msafi, nimeukagua mchana huu kwa tochi.

Yale ya tani thelathini niyafute. Lori lina usukani. Siku ya kwanza nilimgeuza akaja mzima mzima, na mto, na shuka, na mimi nikaenda chini. Muuza mkaa alichungulia dirishani akasema, "Mheshimiwa, hoja imekulalia." Sasa nimejua: goti kwanza, bega, halafu nyonga, na usivute, subiri pumzi yake. Ulinielekeza hayo ukiwa mlangoni na begi mkononi, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia.

Kuoga ndiko kulikokuwa na kazi. Mfua nguo anakuja siku anazoweza, lakini ana mgonjwa wake. Siku ambazo haji ni mimi na Mama. Mara ya kwanza alishika shuka kwa ule mkono mzima akakataa kuliachia, machozi yakamshuka pembeni kuelekea masikioni. Nikamwambia, "Mama, unakumbuka nilivyokuwa nafunga nati za chini ya lori bila kuziona? Basi tufanye hivyo." Nikafumba macho, nikaingiza kitambaa chini ya shuka, nikawa naosha kwa kupapasa na kutangaza: sasa tuko kwenye ekseli ya mbele, sasa tunapanda, mafuta yapo. Akaliachia shuka. Nilipomaliza alinifinya hadi leo nina alama. Nadhani ni shukrani. Inaweza pia kuwa ni ile ekseli.

Silali, Dada. Nikilala naota saa. Naamka nimeketi, sijui ni zamu ya kushoto au ya kulia, namuuliza Mama, anagonga ukingo wa kitanda mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Wewe umeishi hivi miaka mitatu, nami nilikuwa naandika habari za jokofu.

Sasa ya tarehe 19. Jioni ya tarehe 18 nilikuwa tayari. Suti imepigwa pasi, ile yenye mkono wa kijani, niliivaa makusudi niwaonyeshe. Dereva mwenzangu alisimamisha lori mlangoni akaacha injini inanguruma. Tulikuwa tunamsubiri muuguzi mstaafu. Alikuja mjukuu wake mkubwa, kwa baiskeli. Akasema dada wa muuguzi ameanguka bafuni, wanaishi wawili tu, na muuguzi hawezi kumwacha. Anaomba radhi sana.

Nikaenda kwa mfua nguo. Nikakuta mumewe ana homa, na yeye ameketi sakafuni anamkanda maji. Sikusema nilichofuata. Nikamuulizia hali, nikarudi.

Dereva akaniambia, "Panda, Mheshimiwa. Mkaa atamwangalia. Siku moja tu, mtu hafi."

Muuza mkaa yupo pale, anakuna kichwa. Akasema, "Kumgeuza nitamgeuza. Lakini akichafuka?"

Nikamtazama Mama. Hakugonga ndiyo wala hapana. Aligeuza macho dirishani, kama alivyokuwa akifanya zamani tukienda shule, asituonyeshe kitu.

Nikalegeza tai. Nikamwambia dereva azime injini, inamsumbua mgonjwa.

Asubuhi nilifungua redio. Ningeiacha imefungwa, lakini moyo ulikataa. Ibara ya kumi na moja ilifika wakati wa zamu. Nilikuwa nimemweka Mama ubavu, mkono mmoja mgongoni kwake, mwingine una kitambaa, beseni liko kati ya miguu. Spika akasema, "Kuna hoja ya marekebisho. Namwita mtoa hoja." Akaita jina langu lote na jimbo. Nilisikia viti vikilia, watu wanageuka kunitafuta. Akaita tena.

Mama akatoa sauti. Akanipindia jicho, akagonga kitanda, akagonga tena na tena kwa nguvu. Alikuwa ananiambia niitike.

Nikasema, "Nipo, Mama."

Spika akasema mtoa hoja hayupo, hoja imeondoka. Wakaendelea na ibara ya kumi na mbili, habari za magari ya ofisi.

Nikamkausha Mama, nikampaka mafuta, nikamgeuza.

Jioni daktari wa meno akanipigia simu. "Mheshimiwa, umetuangusha. Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Namgeuza mama yangu."

Akacheka. "Si una dada wa chuma?"

"Chuma kimepasuliwa bega."

Kisha akauliza, "Unamgeuza kila baada ya muda gani?"

"Kila saa mbili."

"Na usiku?"

"Usiku pia una saa, daktari."

"Na hakuna wa kukupokea?"

"Nani? Mimi ndiye ndugu."

Akaniambia sheria imeshapita hivyo ilivyo, haitaguswa mpaka kikao cha mwakani. Akasema niandike yote haya, kama nilivyomwambia, atatia sahihi pamoja nami. "Lakini Mheshimiwa," akasema, "safari hii usitanue kifua." Sijui kama atakumbuka. Mwakani ni mbali, na mume wa mfua nguo sidhani atafika huko.

Nimeshamwambia mfua nguo mwenyewe kilichotokea tarehe 12 Aprili. Aliendelea kukamua shuka. Halafu akanipa upande mmoja nishike, tukalikamua.

Wiki zako sita zimalize. Ukirudi usinikute nimelala, niamshe tu.

Ndugu yako.


Tarehe 5 Agosti

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa kushoto, kwa hiyo anayekusomea akikwama umvumilie. Yeye hata mwandiko mzuri anausoma kwa kidole.

Mimi sijambo. Bega limeshonwa vizuri. Kitukuu wako ana miguu mirefu kama yako, na akishikwa vibaya anafinya. Nimekaa hapa siku zote hizi bila kumgeuza mtu. Siku za kwanza nilikuwa naamka usiku nikitafuta kitanda chako. Sasa nalala, Mama. Nalala mpaka nasikia aibu.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Nilikuwa nachoka. Kuna alfajiri nilisimama mlangoni kwako nikatamani mtu yeyote aje anitoe pale, hata mwizi. Si kwa sababu yako. Nilijua unaniona, ndiyo maana ulinitazama siku ile ya redio. Nasema sasa ili usiendelee kunibebea siri yangu.

Huyo anayekusomea kakawia kufika. Lakini alipoitwa kule alikuwa kwako, na hilo nalo tulilisikia hapa, mimi na binti, redio ikiwa mezani. Binti akasema, "Mjomba hayupo." Nikamwambia yupo.

Nikirudi hataondoka mara moja. Tutapokezana, yeye mchana, mimi usiku, mpaka Bunge limwite. Akijidai amechoka, gonga mara mbili.

Wewe unayesoma, usiruke mstari hata mmoja. Na usitafute karatasi ya pili. Safari hii iko moja tu.

Mwanao mkubwa.